Karibu Bila Hodi

Ninasinzia kwenye benchi la watu wanaongoja kuungama, Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kesho yake ikiwa Dominika ya tatu ya Majilio, na kabla usingizi haujanichukua kabisa napenda kuweka wazi kwa nini niko hapa, kwa sababu yanayofuata hayatakuwa wazi hivyo. Padre hufika kigangoni kwetu mara chache, na akifika hukaa nyuma ya pazia la zambarau lililochujuka, upande wa kushoto wa altare, akisikiliza dhambi za watu mpaka foleni iishe. Anayetaka kumwona kwa jambo lolote lile hana budi kukaa foleni hiyo hiyo na wenye dhambi. Mimi nina jambo. Mdogo wangu Respicius aliondoka nyumbani wakati wa masika kwenda ng'ambo ya Mto Ngono, na baiskeli yake ikaonekana imeegemea mafunjo, pembeni ya maji yaliyofurika, bila yeye. Hakuonekana tena, hai wala maiti. Kwetu mtu wa namna hiyo huzikwa kwa mgomba: mgomba hukatwa, huvishwa shati lake, husomewa misa ya marehemu na kufukiwa kibanjani katikati ya migomba mingine, ili ukoo umalize msiba na watu warudi kwenye shughuli zao. Baba mdogo, Ta Projestus, ameshauchagua mgomba. Mama hakukataa wala hakukubali. Alisema tu kwamba neno la mwisho ni langu, kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua mito. Ni kweli, kazi yangu ni kupima mito, na nimeisomea. Nikimwambia Padre kwamba Respicius amekufa, kesho baada ya misa anazikwa. Nikisema bado, tunaendelea kungoja. Nimeshafanya hesabu zangu na jibu ninalo. Ninachoshindwa kukivumilia ni tabia aliyoianza Mama tangu wakati ule: jani likianguka uani, mbuzi akipita, upepo ukisukuma mlango, husema Karibu. Mama, namwambia, hakuna aliyebisha hodi. Najua, hujibu, na kuendelea kumenya ndizi.

Nje ya dirisha wanawake wameinamia beseni. Kigango chetu hakina kitambaa cha rangi ya waridi, ambayo ndiyo rangi ya kesho, Dominika ya furaha, kwa hiyo wameamua kutumbukiza kimoja cha zambarau kwenye maji ya jiki mpaka kipauke kiasi kinachotakiwa. Bado ni zambarau, anasema mmoja, ongeza. Ukiongeza kitakuwa cheupe, anajibu Ma Leokadia, mwenye ufunguo wa sakristia, na Padre atadhani tumeshafika Noeli. Si ndiyo vizuri, anasema wa kwanza, tule pilau mapema. Wanacheka. Ta Domitian, katekista anayesimamia foleni, ananigusa bega. Sogea, waitu, mwenzetu, ananiambia. Nasogea. Benchi bado lina joto la aliyenitangulia. Sogea, anasema tena, na nasogea tena, na macho yanafumba, na kila nikisogea benchi linarefuka, na kila likirefuka anasema sogea, na ukuta wa kanisa umebaki mbali nyuma yangu na bado nasogea, peke yangu sasa, mpaka pazia linanigusa goti. Nalisukuma. Nyuma yake hakuna Padre wala kiti chake. Kuna barabara.

Ni barabara ya udongo mwekundu kati ya migomba, mbingu yake ni ya zambarau, na haina vivuli. Nageuka kulitazama pazia na silioni. Naona barabara ile ile ikija kutoka huko nilikotoka. Pembeni amesimama mtu aliyevaa koti la Ta Domitian, lakini pale panapotakiwa kuwa na uso pana kitu laini kama mgongo wa kijiko, na ndani yake najiona mimi mwenyewe, mdogo, nimepinda. Natambua kwamba naota. Natambua pia kwamba kutambua huko hakunisaidii chochote. Adventina, ananiita, au nikuite Tangazo, kama walivyokuita shuleni? Mama aliniita Adventina kwa kuwa nilizaliwa katika Majilio, lakini wenzangu darasani, waliokuwa wameanza kujifunza Kiingereza, walilifananisha na advert, yaani tangazo, wakaninyanyasa nalo mpaka nilipomaliza. Niite upendavyo, namjibu, nionyeshe tu alipo mdogo wangu. Ni umbali gani? Karibu, anasema. Karibu ya kwamba si mbali, namuuliza, au karibu ya kwamba niingie? Kijiko kinageuka upande, nami ndani yake narefuka. Wewe ndiye uliyesoma, anasema. Lugha yako imeona neno moja linatosha kwa yote mawili, halafu unaniuliza mimi. Anatangulia, namfuata, na barabara inapinda, na baada ya kila kona kuna kona, na kila nikiuliza tumefika wapi anasema karibu, kwa sauti ile ile, bila haraka.

Tunaingia katika mji ambao kila nyumba imetazamana na nyumba inayofanana nayo kwa kila kitu, isipokuwa mlango uliofungukia kulia huku umefungukia kushoto kule, na maandishi ya dukani kule yanasomeka kutoka mwisho. Watu wamekaa vibarazani. Wana nyuso, hawa, na wote wanatazama barabara. Mwanamume mmoja ananikaribisha ndani bila kuulizwa, anajitambulisha kuwa ni Ansbert, na kunionyesha friji jipya ambalo bado lina nailoni mlangoni. Analifungua. Ndani amepanga mashati. Huna umeme, namwambia. Bado, anasema. Sasa umenunua friji kwa sababu gani? Kwa sababu umeme unakuja, dada yangu, au ulitaka nikimbilie dukani siku utakapofika, na nyama mkononi? Namuuliza ana ushahidi gani kwamba unakuja. Nguzo zimelazwa kando ya barabara, anasema, umepita umezikanyaga. Zimelazwa tangu lini? Ansbert anafunga friji taratibu. Sasa unaanza matusi, anasema. Ng'ambo ya barabara naona mwanamke mwingine aliyevaa kama mimi amesimama mbele ya friji jingine, na nagundua kwamba yeye huuliza kila swali kidogo kabla yangu, na kwamba mimi ndiye kivuli. Natoka nje. Mwenye koti ananingoja. Yule mtu ni mjinga, namwambia. Hapana, anasema, yule mtu amenunua friji. Mjinga angekaa kibarazani akilitazama duka.

Barabara inaendelea, na zambarau ya juu imepungua, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Tunafika mahali ambapo watu wamesimamisha mabati kwenye mapipa na kuyawashia taa kali, mchana kweupe, kama wafanyavyo kwetu msimu wa senene, wale panzi tunaowala, isipokuwa kwetu hufanya usiku na hapa hapana usiku. Hakuna senene hata mmoja. Mwanamke aliyevaa kitenge cha chama cha akina mama wa parokia anafuta taa yake kwa upindo. Mnapoteza mafuta ya jenereta, namwambia, senene hawaji mchana. Nani amekwambia ni mchana, anasema, na bila kuinua kichwa ananiuliza: wewe unayepima kila kitu, senene wakija leo, jana walikuwa wapi? Njiani, namjibu. Na jana uliwaona? Hapana. Basi jana ungesema nini? Ningesema sina taarifa, namjibu, na jibu hilo linanikera kwa sababu ni sahihi. Anacheka kidogo. Senene hawaitwi, anasema, na hawafukuzwi mbio. Unawasha taa yako unakaa. Wakija, wanakujia. Ndiyo maana kipindi hiki kinaitwa Majilio na hakikuitwa Majio. Mtu anaweza kuja na asikujie. Nataka kumwambia kwamba hiyo ni sarufi tu, kauli ya kutendea, ipo katika kitabu cha shule. Lakini ameshaondoka kwenda kufuta taa nyingine, na mwenye koti amekwenda mbele, na barabara imeanza kulowa.

Najua tunakoelekea kabla hatujafika, kwa harufu. Ni Ngono. Umefurika, umelala juu ya mafunjo kama ulivyokuwa wakati ule, na katikati yake umesimama ubao wangu wa kupimia kina, niliousimika kwa mikono yangu, ila tarakimu zake zimepinduka na haziwezi kusomeka. Baiskeli imeegemea mafunjo. Mwenye koti anakaa juu ya nguzo ya umeme iliyolazwa. Haya, anasema, nieleze unachojua. Namweleza. Namweleza kasi ya maji ya siku zile na kina chake, na jinsi chini ya mafunjo kulivyo na matope yanayoshika kitu na kutokirudisha, tofauti na mto wenye mchanga; namweleza kwamba Respicius hakujua kuogelea, kwamba ng'ambo hakuna aliyemwona akifika, kwamba hakuchukua nguo wala hakuaga. Naongea vizuri, kama ninavyoongea mbele ya wahandisi. Ananisikiliza mpaka mwisho. Hayo ni ya mto, anasema. Nauliza ya mtu. Naanza upya, kwa mpangilio mwingine, na yanatoka yale yale. Baiskeli inasema nini, ananiuliza. Inasema ilifika hapa. Na mto unasema nini? Unasema ulikuwa umejaa. Na Respicius? Uwezekano kwamba amekufa ni mkubwa, nasema, mkubwa sana. Mkubwa, anasema, ni neno sijui lililovaa suti. Natazama katika kijiko cha uso wake na naona kinywa changu kimebaki wazi. Ningependa kumpinga. Natafuta kosa katika sentensi hiyo kama ninavyolitafuta katika hesabu za vijana wa ofisini, naipitia kutoka mwanzo na kutoka mwisho, na silioni.

Ng'ambo kunasikika wimbo wa mazishi, na bila kuvuka tumeshavuka. Kibanjani kwetu pamechimbwa shimo, na kando yake, juu ya benchi la kanisani, umelala mgomba umevaa shati la Respicius la mistari, umefungwa vifungo mpaka juu. Baba mdogo Ta Projestus anajipepea na kofia. Umechelewa, binti, anasema, mgomba umeanza kulainika, sema neno tufunike. Napiga magoti kuutazama, kwa sababu kuna jambo haliko sawa, na naliona: hawakuukata, wameung'oa mzima mzima, tunguu lake, kitako chenye mizizi, bado liko chini, na udongo juu yake. Ta, namwambia, mgomba ukiufukia na tunguu utaota. Utaotaje na umekufa, anasema Ta Projestus, na kuwaashiria watu, nao wanaushusha, na udongo unarudi shimoni wenyewe, na kabla wimbo haujaisha chipukizi limetoka katikati ya kaburi, limekunjwa kama karatasi, kijani kibichi, na kwenye ncha yake kuna kifungo cha shati. Watu wanapiga vigelegele. Huu si muujiza, nawaambia, hili ni tunguu. Nani amesema muujiza, anauliza mwenye koti nyuma yangu. Nageuka nimjibu na hayupo. Kaburi halipo. Ipo barabara, na juu yake mbingu imepauka sasa hata siwezi kuiita zambarau tena.

Mbele naiona nyumba yetu. Naifahamu kwa dirisha lenye kioo kilichopasuka, ambalo Respicius alisema atalitengeneza. Natembea kuelekea nyumba hiyo na barabara inapinda, na baada ya kona nyumba iko mbele umbali ule ule, na kutoka ndani nasikia sauti ya Mama ikisema Karibu. Sijabisha, nasema, na natembea, na kona inakuja, na nyumba iko pale, na Mama anasema Karibu. Naongeza mwendo. Kadiri ninavyoongeza mwendo ndivyo nyumba inavyobaki palepale. Nafikiria tatizo hili kwa utulivu, kama tatizo la kazini: kitu kinachokaa umbali mmoja na mtu anayekiendea, kasi yoyote atakayotumia, hakifikiwi kwa kasi. Kwa hiyo nasimama. Naweka chini mkoba wa kazi niliouvaa begani. Na nikiwa nimesimama hivyo hivyo, bila kuinua mguu, kizingiti kinafika chini ya viatu vyangu. Hakuna mtu aliyenifundisha hilo na siwezi kulieleza kwa kanuni yoyote ninayoijua. Mlango uko wazi. Mama amekaa kwenye benchi jikoni, anamenya ndizi, ana uso wake wote, na kovu la moto kwenye kidole. Karibu, anasema.

Mama, ni mimi tu, namwambia. Najua ni wewe. Kwani ulidhani nilikuwa namkaribisha nani? Respicius, nasema. Na yeye, anasema Mama. Na mbuzi, na upepo, sibagui, nikianza kuchagua nitamkosea mmoja. Lakini wewe, Adventina, wewe ndiye unayenitesa zaidi. Yeye alikwenda, basi, amekwenda. Wewe kila mwezi unakuja na gari la ofisi, unasimama uani, unauliza kama kuna habari, unaandika kina cha mto, unaondoka. Unakuja. Hujawahi kunijia. Nilikuwa kazini, namjibu. Ulikuwa kazini, anakubali, bila ukali, na kuitupa ndizi kwenye sufuria. Padre atakuuliza leo. Utamwambia nini? Na hapo, mbele ya sufuria hiyo, najua kwamba jibu nililokuja nalo nilikuwa nimelitengeneza ili mimi niache kungoja, na kwamba lilikuwa zuri, na kwamba halikuwa kipimo. Nitamwambia sijui, nasema. Mama anachukua ndizi nyingine. Hilo ndilo neno lenyewe? Ndilo pekee ninaloweza kulitetea, namjibu. Anaivuta sufuria na kupiga benchi kwa kiganja kuonyesha nafasi iliyo kando yake. Sogea basi, anasema. Nasogea. Benchi lina joto. Sogea, anasema.

Sogea, waitu, zamu yako, anasema Ta Domitian. Ana uso, nautazama mara mbili, na naona ndevu ambazo hakunyoa vizuri. Benchi ni fupi. Kulia kwangu hakuna mtu, kushoto kuna bibi mmoja anayesali rozari na kunitazama kwa jicho la pembeni kana kwamba nilikoroma kanisani. Mbele yangu, kwa umbali wa mkono, liko pazia, na pazia ni la waridi. Si zambarau iliyochujuka. Ni waridi. Ta Domitian, namuuliza, pazia hili lina rangi gani? Anashangaa swali. Ya kesho, anasema. Mmelibadilisha sasa hivi? Sisi tunabadilisha nini, anasema, tulibadilishie wapi, hebu simama, Padre anachoka. Na nje ya dirisha, wazi kabisa, namsikia Ma Leokadia akisema bado ni zambarau, ongeza tena kidogo, na mwenzake akisema ukiongeza utakuja kutuvalisha shuka la hospitali.

Ta Projestus ameingia kusikia jibu. Amesimama kwenye nguzo ya kanisa na kofia mkononi, anajipepea. Nakwenda kwake kwanza, kwa sababu ni haki yake. Ta, namwambia kwa sauti ndogo, mgomba uacheni shambani. Amekufa au hakufa, ananiuliza. Sijui. Ananitazama kana kwamba nimemjibu kwa lugha ya kigeni. Hujui, wewe? Serikali si inakulipa ujue? Inanilipa nipime, namwambia, na hapa hakuna cha kupima, kuna cha kungoja. Anaigeuza kofia, anatazama ndani yake. Watu nimeshawaalika, anasema. Waje, namwambia, kesho ni Dominika ya furaha, Mama atapika, nami nitakuwepo, sirudi mjini. Hutarudi? Sirudi. Halafu, kwa kuwa ni mtu asiyependa kitu kipotee, ananiuliza kama mkungu wa mgomba ule unafaa kwa kesho. Unafaa, namwambia. Ukikata, liache tunguu ardhini.

Narudi kwenye pazia. Nyuma yake kuna mtu anayekohoa, na sauti inasema Karibu, nami sijabisha. Inawezekana ni Padre. Ana mafua, Ta Domitian alitutangazia. Nashika upindo wa pazia. Kitambaa kina unyevu, kama kilichotoka kwenye maji si muda mrefu, au labda ni jasho la mkono wangu. Nje, upande wa mlango mkubwa, nasikia gurudumu la baiskeli likilia tik tik tik, taratibu, jinsi linavyolia baiskeli ikisukumwa kwa mkono, halafu chuma kikiegemezwa ukutani. Kigango hiki kina baiskeli nyingi. Mtu yeyote anaweza kuwa amekuja kuungama, au kuleta maji, au kuulizia jiki. Sauti hiyo haithibitishi lolote, na ningekuwa kazini nisingeiandika. Hatua zinakaribia mlango na kusimama. Hakuna anayebisha hodi. Bibi wa rozari hakuinua macho, Ta Domitian hakugeuka, na sina hakika kama wamesikia, wala kama niko upande gani wa pazia hili ninalolishika. Nageuka kuelekea mlangoni, ambako kuna mwanga tu, na nasikia kinywa changu kikisema, kwa sauti ya Mama kabisa: Karibu.